Mtakatifu Hangoji Mtu

Wistin Zerafa alikuwa na nundu kwenye bega la kulia, kubwa kama andazi. Kijijini kwao Hal Berqa nundu hiyo huitwa mkate, na mwanamume asiye nayo hana la kusema kwenye kikao cha wabebaji. Huzaliwi nayo. Unaipata kwa kuweka begani mti wa kubebea sanamu ya Mtakatifu Rokku kila Agosti, wewe na wenzako saba, na kuzunguka naye kijiji kizima kwa mwendo wa watu waliobeba mgonjwa, mpaka nyama ya bega isalimu amri na kujiotea mto wake. Wistin alikuwa amebeba miaka thelathini na moja. Mti wa mbele, upande wa nje, mahali pa marehemu baba yake, mchonga mawe, na kabla yake pa babu yake.

Mwaka huu ulikuwa wa mwisho. Kamati ya sikukuu ilikuwa imepitisha kwamba mbebaji akitimiza miaka sitini anautua mti, na Wistin angetimiza sitini mwezi wa Novemba. Hakubisha. Alichotaka ni kumtoa Rokku mlangoni mara moja tu zaidi, saa moja kamili ya jioni, na kumrudisha. Lakini sheria ya wabebaji ni kali kuliko ya serikali: usipokuwepo mlangoni sanamu inapotoka, mahali pako panachukuliwa na mbebaji wa akiba, na aliyemtoa Rokku ndiye atakayemrudisha. Hakuna kupokezana njiani.

Na Wistin mwenyewe ndiye aliyekuwa askari wa sheria hiyo. Miaka tisa nyuma, Salvinu, fundi wa madirisha ya alumini, alichelewa dakika sita kwa kuwa mkewe alikuwa anajifungua. Alikuja mbio kutoka hospitali, joho lake jeupe la ubebaji kalivaa nyuma mbele, akakuta sanamu imeshavuka kizingiti. Wistin akiwa chini ya mti akamwambia mbele ya kijiji kizima, "Mtakatifu hangoji mtu, Salvinu." Watu wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo Salvinu akawa mbebaji wa akiba. Kila mwaka anakuja na joho lake limepigwa pasi, anasimama pembeni ya mlango, anangoja mtu avunjike mguu. Haongei sana na Wistin, wala Wistin hamlaumu.

Sasa, kazi ya Wistin ilikuwa kuendesha basi la watalii. Malta ni kisiwa ambacho ukipiga chafya upande huu, upande wa pili wanakuambia pole, lakini wageni wanakuja kukizunguka siku saba. Jumatatu ngome, Jumanne mahekalu ya mawe, Jumatano mji wa kimya, Alhamisi makaburi ya chini ya ardhi, na kadhalika. Miaka ishirini na miwili amewapeleka. Mawe yale yale, joto lile lile, maswali yale yale. Tangu Januari alikuwa ameomba ruhusa ya Jumapili ya Mtakatifu Rokku, akakubaliwa, na Ijumaa dereva mwenzake akalazwa kwa ajili ya kidole tumbo. Bosi akampigia simu kwa sauti ya asali.

"Nusu siku tu, Wistin. Saa kumi uko nyumbani unajipaka manukato."

"Mwaka jana pia ulisema hivyo."

"Mwaka jana kulikuwa na mvua."

"Agosti, bosi? Malta?"

"Basi hata wewe unaona. Bahati mbaya ya mwaka jana haiwezi kurudi."

Kundi lenyewe lilikuwa la wazee ishirini na wawili kutoka Denmark, watu wema, wenye kofia na mafuta ya jua, waliokuwa kwenye kitu walichokiita likizo ya polepole. Kila asubuhi walivua saa zao na kukabidhi simu zao, vyote vikatiwa kwenye kikapu cha Marthese, msichana mtembeza wageni, na kurudishwa wakati wa chakula cha usiku. Walikuwa wamelipa ili wasijue ni saa ngapi. Wistin alikuwa amewachukua wajinga wengi maishani mwake, lakini hawa walimshinda. Yeye saa aliivaa mkononi, na nyingine ilikuwa mbele ya usukani, na siku hiyo aliziangalia zote mbili kama mtu mwenye mgonjwa ndani. Nyuma ya kiti chake lilining'inia joho jeupe ambalo Dolor, mkewe, alilipiga pasi alfajiri.

Saa saba mchana walifika kituo cha mwisho, kijiji kimoja cha kusini chenye kanisa kubwa na njia ya kushukia baharini. Wageni walitaka kuogelea. Marthese alikuwa kwenye ngazi za basi anamfunga Bi Birthe bandeji kwenye kifundo cha mguu, kwa hiyo Wistin ndiye aliyesimama mbele ya wazee na kuwaambia habari za kurudi.

"Saa tisa kamili, hapa hapa," alisema, akanyoosha mkono kuelekea kanisani. "Saa hamna, lakini saa ya kanisa ile pale, inaonekana mpaka baharini. Ikisema tisa, muwe mmepanda. Tisa na dakika moja naondoka."

"Hata bila sisi?" akauliza Bwana Mogens, mwalimu mstaafu aliyependa utani.

"Bila wewe hasa."

Wakacheka, wakashuka kwenda baharini na taulo zao. Wistin akala ftira yake, mkate wa duara wenye jodari na zeituni, kivulini, akafunga macho kidogo, akafungua. Saa tisa ikafika. Hapakuwa na mtu ila Bi Birthe na mguu wake. Tisa na robo, hakuna. Tisa na nusu Marthese akashuka kuwatafuta, akarudi anahema, kawakosa. Walikuwa wamezunguka mwamba kwenda kwenye kijighuba kingine. Saa kumi Wistin alipiga honi mpaka mama mmoja akatoka kwenye roshani na kumwambia kama anataka kuamsha wafu aende makaburini. Hasira zilimpanda mpaka masikio yakawa moto. Akampigia simu shemeji yake Karmnu, kaka yake Dolor, ambaye alikuwa katibu wa kamati ya sikukuu.

"Shemeji, naweza kuchelewa kidogo. Kidogo tu."

"Kidogo gani? Hapa Salvinu ameshavaa."

"Saa kumi?! Mwambie avue!"

"Namwambiaje avue? Mtu kavaa joho lake, kosa liko wapi? Kelele nyingi hapa, sikusikii vizuri, Wistin, njoo tu. Na sikiliza, mwaka huu tunaanza na..."

"Shemeji, usinifundishe maandamano! Mimi nimebeba wewe ukiwa bado unaogopa fataki!" Wistin akakata simu, na kwa kitambo kidogo akajisikia nafuu.

Saa kumi na moja kamili wakatokea, wote ishirini na mmoja, mstari mmoja, nywele zimelowa, wanaimba. Wistin alisimama mlangoni mwa basi amekunja mikono.

"Saa tisa nilisema!"

Bwana Mogens akashangaa, akageuka, akanyoosha kidole juu. "Na ndiyo saa tisa, Bwana Wistin. Tumewahi, tena dakika mbili."

Kanisa lile lina minara miwili, na kila mnara una saa yake. Ya kulia ilisema kumi na moja. Ya kushoto ilisema tisa kasoro dakika mbili.

Marthese aliziangalia, kisha akamwangalia Wistin. "Kaka Wistin, uliwaambia waangalie saa ipi?"

"Ya kanisa!"

"Ipi?"

 Mtoto yeyote wa Malta anajua. Saa moja ni ya watu, nyingine ni ya shetani. Inawekwa vibaya makusudi ili huyo mlaaniwa asijue misa ni saa ngapi aje kuiharibu. Hakuna anayefundishwa jambo hilo, kama ambavyo hakuna anayefundishwa kwamba bahari ina chumvi. Hata haikumpitia kichwani kwamba mtu mzima anaweza kuangalia mnara wa kushoto.

"Tuliona ziko mbili," akasema Bwana Mogens, "tukapiga kura. Hii ya kushoto ilishinda kwa sababu ilitupa muda mrefu zaidi. Tukasema siku hii ni ndefu ajabu! Kweli likizo ya polepole inafanya kazi."

"Miaka mia tatu wanamdanganya shetani," Wistin akasema, "na shetani hajadanganyika hata siku moja. Mmedanganyika ninyi! Pandeni!"

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini Wistin alijaribu kuyazoa kwa kukanyaga mafuta. Hesabu aliifanya kichwani: hoteli ya wageni iko kaskazini, dakika arobaini njia ikiwa wazi, kurudi nyumbani dakika ishirini na tano. Inawezekana. Ila hiyo ilikuwa Jumapili ya Agosti, na nusu ya Malta ilikuwa inatoka ufukweni wakati mmoja, na maboya yao, majiko yao ya kuchomea nyama, na mabibi zao viti vya nyuma. Magari yakajipanga mpaka upeo wa macho. Dakika kumi, mita mia. Dakika kumi nyingine, mita hamsini. Wistin alipiga usukani kwa kiganja. Aliwatukana wenye boti, akamtukana waziri aliyechora mzunguko ule wa barabara, akamtukana bosi na kidole tumbo cha mwenzake. Wageni nyuma waligawana zabibu.

Saa kumi na mbili na nusu walikuwa bado katikati ya kisiwa, na kulia kwake, nyuma ya mashamba ya mawe, aliuona mnara wa Hal Berqa na moshi mweupe wa fataki. Kilomita mbili.

"Usithubutu," akasema Marthese, aliyemwona anavyotazama.

"Nitaegesha uwanja wa mpira. Watu wako wataona sikukuu ya kweli, si ya kwenye kabati la makumbusho. Utawatembeza. Mimi nitabeba."

"Na bosi?"

"Bosi aje abebe yeye."

Dakika ishirini zilipita kabla hajaifikia kona, akaikata. Kwenye mlango wa kijiji askari wa zamu alikuwa mtoto wa jirani yake, akavuta kizuizi pembeni. "Pita upesi, mzee Wistin! Naskia kengele zimeshaanza!" Saa ya usukani ilisema moja kasoro dakika tano. Uwanja wa mpira ulikuwa umejaa magari mpaka kwenye magoli. Palibaki njia moja, barabara ya Mtakatifu Rokku, nyembamba, roshani pande zote mbili zimetandikwa vitambaa vyekundu, ambayo mwisho wake kuna uwazi wa kuegesha nyuma ya kanisa. Sanamu ikitoka kanisani huenda kulia kwanza, siku zote, na barabara hii huifikia baada ya saa nzima. Wistin akaingiza basi. Vioo vya pembeni vilipita vitambaa kwa upana wa kidole. Watu kwenye roshani walipiga kelele na kupunga mikono, naye akadhani wanamshangilia.

Alikuwa amemaliza mita mia tatu aliposikia bendi. Si kulia, mbele. Kona ikatoa watoto wenye mishumaa, kisha tarumbeta, kisha padre, kisha, juu ya vichwa vyote, Mtakatifu Rokku na mbwa wake wa kuchongwa, wanakuja moja kwa moja kwenye kioo cha basi.

Bendi ikanyamaza ala moja moja. Wabebaji wakachomeka magongo yao ya kuegemezea chini ya miti, sanamu ikatulia. Kati ya basi na mtakatifu palikuwa na hatua kumi. Karmnu akaja mbio, tai imemkaa sikioni.

"Wewe! Nilikuambia mwaka huu tunaanza na kushoto! Kule kulia wamechimba mabomba!"

"Hukuniambia!"

"Ulinikatia simu!"

 Wistin alishuka akiwa na joho mkononi, hajui hata kwa nini alilichukua. Mti wa mbele, upande wa nje, alikuwepo Salvinu. Jasho lilimchuruzika mpaka kidevuni. Kijiji kizima kilikuwa kwenye roshani, na kila mwenye umri wa zaidi ya miaka tisa alikumbuka. Mkuki kwa nguruwe. Wistin alisimama akaungoja umfike.

Salvinu akatoa bega chini ya mti.

"Wistin," akasema. "Njoo uchukue mahali pako."

"Sheria..." akaanza Karmnu.

"Sheria naijua mimi kuliko wewe. Ndiyo iliyoniuma. Ni mwaka wake wa mwisho, mwacheni abebe."

Padre alitazama viatu vyake. Hakuna aliyepinga. Wistin akaingiza mkono mmoja kwenye joho, akasogea, akaweka kiganja juu ya mti. Ulikuwa na joto la bega la mwenzake.  Alitaka kusema neno kwa Salvinu, la siku ile ya hospitali.

"Kaka Wistin," Marthese akaita kutoka mlangoni mwa basi, kwa sauti ndogo kabisa. "Na hili?"

Wistin akageuka. Basi lilikuwa limejaza barabara ukuta kwa ukuta. Rokku hawezi kulipita. Na Rokku harudi nyuma. Tangu alipochongwa hajarudi nyuma hatua moja, hata mwaka ule wa mvua ya mawe, na bibi vizee wa pale juu wangewatupia maua na vyungu vyake. Lazima basi ndilo lirudi kinyumenyume, mita mia tatu, kati ya roshani zile, na hapakuwa na mtu mwingine Hal Berqa wala kwenye basi awezaye kulirudisha bila kubomoa nyumba. Alitazama huku na huku kana kwamba dereva angedondoka kutoka mbinguni. Aliona watu tu, wanamngoja.

Akautoa mkono kwenye joho.

"Weka bega, Salvinu," akasema. "Mtakatifu hangoji mtu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Salvinu alimtazama kidogo, kisha akainama chini ya mti.

Wistin akarudi kwenye kiti, akafunga mkanda, akatia gia ya nyuma. Karmnu alikwenda nyuma ya basi kumwelekeza, akipiga mayowe kulia, kushoto, taratibu. Bendi ikaanza. Basi likarudi, mtakatifu akafuata. Wistin alitazama kioo cha kulia, kioo cha kushoto, kisha mbele, kisha vioo tena. Miaka thelathini na moja alikuwa amemjua Rokku kwa uzito. Chini ya mti humwoni mtakatifu, unaona visigino na lami. Hakujua kwamba akitembea anatikisa kichwa, polepole, kama mzee anayekubali jambo. Hakujua kwamba mbwa naye anatikisika. Salvinu alikuwa anainamia nje mno. "Nyosha mgongo," Wistin akasema ndani ya kioo. "Nyosha mgongo, jamani, utauharibu." Karatasi zilizokatwakatwa zikamwagwa kutoka juu zikafunika kioo, ikabidi awashe waipa ili amwone.

Nyuma yake Wadenmaki wote walikuwa wamesimama wanapiga makofi.

"Hii mliipanga?" akauliza Bwana Mogens. "Mji mzima unatufuata sisi!"

"Kaa chini, Bwana Mogens," akasema Marthese. "Nakuomba ukae."

Bi Birthe alikuwa amechechemea mpaka kiti cha mbele kabisa. Alitazama maandamano muda mrefu, mkono shavuni.

"Bwana Wistin," akauliza, "yule wa mbele, upande wa nje, mbona analia?"

Wistin alitazama. Mkanda wa kiti ulikuwa umemkaa juu ya nundu na kumbana, lakini mikono yote miwili ilikuwa kazini, akauacha.

"Mti ni mzito," akasema.